Mapepo yalisema "mtoeni mweupe", na shule nzima mweupe nilikuwa mimi

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi humu huwa nasoma tu na kupita, lakini juzi nimekuta mtu anauliza kama mapepo ya shuleni ni kweli. Nitasimulia niliyoyaona kwa macho yangu. Usipoamini hakuna shida, sikusanyi sadaka.

Shule siitaji. Ni ya wasichana, boarding, upande wa Bunda. Anayeijua anyamaze.

Mimi ni chotara. Baba alikuja na mitambo ya mgodini, mkataba ukaisha, akaondoka pamoja na mitambo. Mama ni fundi cherehani pale Mukendo, Musoma mjini, ila kwao ni Butiama. Nilipewa jina la bibi yake, Nyangeta. Ukilisikia unategemea Mzanaki. Ukiniona unaomba nirudie.

Shuleni hawakuhangaika na Nyangeta. Niliitwa Pointi Faivu, yaani nusu mtu, siku nyingine Mzungu Pori. Aliyeongoza jeshi ni Wegesa, kiranja wa bweni letu. Nilimwagiwa uji kitandani. Nikijibu swali darasani, wanaguna. Siku moja walinichoma na pini waone damu yangu ina rangi gani.

Ilikuwa nyekundu. Walionekana kusikitika kidogo.

Niliumia sana, sitajifanya chuma hapa. Nilikuwa nalia mpaka matron ananiita ofisini kwake ananipa chai.

Aliyekaa na mimi ni mmoja tu, Bhoke, mtoto wa kisiwani Rukuba. Tulikuwa tunalala double decker moja, yeye chini mimi juu. Bhoke alikuwa mweusi haswa, na wao walimwita Masizi. Akiitwa anaitika na kucheka, kwa hiyo kila mtu akajua hana neno.

Sasa tukafika Form Four, mtihani umekaribia. Asubuhi moja tukiwa paredi, msichana akaanguka. Akafuata mwingine. Mara mstari mzima wa mbele uko chini, wanapiga kelele kwa sauti nzito ambazo si zao.

Kwa wale ambao hamjasoma shule za wasichana: mtu akianguka hivyo, lazima pepo liulizwe linataka nini. Ndiyo utaratibu. Mwalimu wa nidhamu mwenyewe, mtu wa Physics, akachuchumaa akauliza, "Mnataka nini?"

Wakajibu kwa pamoja. "Mtoeni mweupe."

Shule nzima ikageuka kuniangalia. Nami niligeuka kuangalia nyuma, nikakuta ukuta.

Mkuu wa shule aliniita akaongea kwa upole kabisa. "Nyangeta, nenda ukapumzike nyumbani mpaka hali itulie." Wakuu, pale shuleni hakuna aliyewahi kwenda kupumzika akarudi. Na mimi mtihani ule ndio ulikuwa mlango wangu pekee wa kutokea. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mapepo.

Mama akapigiwa simu, akafika mchana huohuo, futi kamba bado iko shingoni. Akakuta wazazi wa walioanguka wametangulia, watu wa vijiji vya jirani, wengine na fimbo zao za kuchungia. Wagonjwa walikuwa wamelazwa bwaloni kwenye magodoro, wamefumba macho, hawajibu hata wakifinywa.

Mzazi mmoja akasema, "Mama, hatuna ubaya. Mwanao atemee tu maji hawa watoto, aseme ameachilia, waamke, tuondoke."

Hili nalo nieleze. Kwetu Mara, mtu akiwa na kinyongo na wewe unaweza kuugua. Dawa ni yeye aseme hasira yake mbele za watu, achukue maji mdomoni, akutemee, aseme imeisha. Ni baraka. Lakini oneni mtego. Nikitema wakaamka, mimi mchawi. Nikitema wasiamke, nimekataa kuwaachilia, bado mimi mchawi.

Mama hakupandisha sauti. "Sawa. Ila kwetu hatemagi mtu mmoja. Wanatemaga wote wenye hasira. Nyie mnajuaje ni ya nani?"

Wazee wakatazamana. Ni kweli, ndivyo ilivyo. Huwezi kubisha mila uliyoileta mwenyewe.

Ukapangwa mstari, jagi la walimu likajazwa maji. Mama akaniweka mwisho kabisa.

Matron akafungua dimba. Hasira yake ni wasiodeki choo. Mwalimu wa Physics akasema hana hasira na mtu, mama akamwambia arudi nyuma akaikumbuke. Wegesa akasema, "Hasira yangu ni Nyangeta, anajisikiaga." Akatema akiwa mbali, maji yakaishia kwenye ndoo ya kudekia iliyokuwa mlangoni. Karibu wote walitema kwa woga wakiwa wamesimama mlangoni.

Hakuna aliyeamka.

Tukabaki wawili, Bhoke na mimi. Bhoke akachukua kikombe, akaenda mpaka kwenye magodoro.

"Mimi wananiitaga Masizi toka Form One. Nacheka. Nyangeta akiitwa mzungu, analia, anapewa chai. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza. Hata yeye mwenyewe hajaniuliza. Hasira yangu ndiyo hiyo. Imeisha."

Akawatemea usoni, mmoja mmoja.

Wakaamka wote.

Mpaka leo sijui. Labda ni yale maji ya baridi usoni, kwa kuwa wengine walikuwa wanatemea ndoo. Ninachojua ni kwamba waliketi kwa pamoja, wakaanza kuulizia chakula.

Mzazi mmoja akanyanyua fimbo. "Kumbe ni huyu mweusi!" Wegesa akaja kunikumbatia. Kabisa, akaniita dada. Mkuu wa shule akasogea pale Bhoke alipobaki na kikombe chake, akasema kwa upole uleule, "Bhoke, nenda ukapumzike nyumbani."



Mama akasema, "Bado mmoja." Akanipa kikombe.

Nikasema yangu. Uji. Pini. Kila jina, na aliyeanza kuliita. Nikasema hasira kubwa ni hii ya sasa hivi, ya Bhoke kufukuzwa kwa sababu amesema ukweli. Nikachukua maji mdomoni.

Halafu nikameza.

Wegesa akatoa mkono begani kwangu. Mkuu wa shule, ambaye si mtu wa Mara, akauliza hiyo maana yake nini.

"Imebaki tumboni," mama akasema. "Sasa mwalimu, ukiwafukuza hawa wawili, hasira inaondoka nao na hutajua imefikia wapi. Bora wakae hapa uwe unawaona."

Tulibaki. Mtihani tuliufanya wote wawili na tukafaulu. Mimi leo ni nesi, Bhoke anafundisha. Bwaloni mlemle, siku ileile, nilimuuliza Bhoke anajisikiaje. Akasema ana njaa. Tangu hapo huwa namuuliza.

Majina hatukuitwa tena. Msifikiri walitupenda, walituogopa tu, na meza yetu ya chakula ilikuwa ya watu wawili.

Nilichojifunza: mapepo yaliondoka kwa kikombe kimoja cha maji. Watu hawakuondoka. Walikuwa wanatafuta wa kumtoa, na rangi ilikuwa njia ya mkato; mweupe akishindikana, mweusi yupo.

Sasa wiki hii Wegesa kanitumia meseji. Mtoto wake anaumwa homa haziishi, ananiomba niteme. Nimemwambia ampeleke mtoto hospitali, akapimwe malaria, na nimemwelekeza amwone nani. Amempeleka, mtoto anaendelea vizuri.

Jana kaandika tena, "Lakini dada, ile imeisha?"

Nimeisoma. Sijajibu.

Nyie mngemjibu nini? Karibuni. Na anayetaka kuniambia nisamehe, nitamsikiliza, ila aanze kwa kutueleza shuleni kwao yeye alikuwa upande gani.