Mkono wa Kushoto wa Babangu

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinitoa nje kunitembeza, eti miguu yangu inataka jua, tukafika mpaka ile bustani iliyo upande wa Kizingo, karibu na maafisi ya serikali. Akanitafutia kiti penye kivuli, akakipangusa kwa leso yake. Nikamwambia hapo sikai. Akadhani nataka kiti kingine. Nikamwambia humu bustanini sikai popote, nirudishe nyumbani, na njia nzima akawa ananitazama kwa jicho la pembe. Watoto wa siku hizi ukikataa jambo lazima uwape sababu. Yeye sikumpa. Nakupa wewe, maana nakuona mtu wa makamo yangu na hutanikatiza katikati.

Bustani hiyo naijua tangu haijawa bustani. Ilikuwa kiwanja cha magugu na mibono, mbuzi wa watu wakijilishia, na sisi wa mjini hatukuwa na shughuli nayo. Tulikaa kwenye kichochoro chembamba hata watu wawili wenye vikapu hawakupishana bila mmoja kurudi nyuma. Nyumbani tulikuwa watatu, nyanya mzaa baba, mama, na mimi. Nyanya alipika mikate ya mofa ya kuuza. Mpaka leo nikipita penye moshi wa kuni za mkoko tumbo langu huamka, maana ndio moshi uliotoka katika tanuri lake la udongo pale uani, nasi tukiwa tumekanda unga wa mtama tangu asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi na kupepea moto. Nazi niliikuna vibaya, nikiingiza chembe za kifuu ndani ya tui, na nyanya akinitishia kwamba nikiolewa nitarudishwa siku ya pili. Alikosea. Nilirudishwa baada ya mwaka, na si kwa sababu ya nazi.

Babangu alikuwa mwashi. Harufu yake ilikuwa harufu ya chokaa mbichi, hata Ijumaa akiwa ameoga na kuvaa kanzu safi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda. Alipokuwa mtoto alipanda sakafuni, juu ya paa la nyumba, kukimbilia tiara, akaanguka, na mama wa viungo, jirani yetu aliyeunga mifupa ya nusu ya mji, akamuunga. Ukapona, lakini haukunyooka tena. Kwa wengine huo ulikuwa ulemavu. Kwangu ulikuwa kiti. Alinikalisha kwenye mpindo wa mkono ule, akatembea nami mpaka Makadara, mkono wa kulia ukiwa huru kuamkia watu.

Nilipokuwa na miaka mitano alitoka asubuhi na mwiko wake wa kazi, akasema ameambiwa kuna ujenzi upande wa Makupa. Hakurudi. Wako waliosema amefuata reli bara, wako waliosema maji yamemchukua, na wale wasiokosa la kusema walisema ana mke mahali. Nyanya hakumsikiliza yeyote. Kila adhuhuri alipakua chakula cha mwanawe, akakifunika kwa kawa, akakiweka juu ya kibao pembeni mwa mlango. Jioni alinipa mimi. Aliniambia, kula cha babako, kesho atakuta kingine. Majirani walimpoza kwa ule msemo wa asiyekuwapo na lake halipo, naye akawajibu kwa ukali kwamba lake lipo, liko pale chini ya kawa, na mwenye macho aende akatazame.

Mama alikuwa kijana. Sasa ndipo ninapoona ujana wake, wakati ule nilimwona mtu mzima tu. Hakuwa mke na hakuwa mjane. Hakujifukiza udi wala hakutia asumini kichwani, kwa kuwa mume hayupo. Eda nayo hakukaa, kwa kuwa maiti hayupo. Harusini aliketi karibu na mlango na kuondoka kabla ya ngoma kuanza. Miaka minne alikaa hivyo, akisuka ukili, na akisemeshwa alijibu baada ya kitambo.

Basi serikali ikataka bustani. Wafungwa wakaletwa na majembe kung'oa magugu na kuchimba mashimo ya miti, na siku ya tatu wakachimbua mtu. Habari ilikuja na jirani aliyefika kununua mofa. Alisema ni mifupa mitupu, hapakuwa na nguo wala pete, hapakuwa na cha kumtambulisha. Ila, akasema, mkono mmoja ulipata kuvunjika ukaungwa, ukapona umepinda. Nyanya alikuwa ameinama kwenye tanuri kubandika mkate. Mkate ukamponyoka ukaangukia motoni. Hakuuokota. Alinawa mikono, akavaa buibui, akanishika mkono, na mofa zote za siku ile ziliungua.

Bwana shauri, mkuu wa serikali pale mjini, alikuwa ametoa siku tatu. Mwenye mtu wake aje na ushahidi, na asipopatikana mwenyewe, mifupa itatiwa katika shimo la wasio na jamaa. Ilikuwa imewekwa ndani ya banda la vyombo vya bustani, juu ya turubai. Pale mlangoni tulimkuta mwanamke mmoja ameketi chini juani. Alikuwa Mgiriama, amevaa hando, sketi yao ile ya marinda mengi, na kikapu kitupu ubavuni. Alikuwa amekuja kwa miguu kupitia Makupa, na pale ilikuwa siku yake ya pili. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota. Kila aliyepita alimwambia "mulume wangu," kisha akanyoosha mkono wake wa kulia, akaukata hewani kwa kiganja cha kushoto, akaukunja. Alituonyesha na sisi. Nyanya alipita kama hakumwona. Mimi nilimwona.

Ndani alikuwepo Sheikh wa msikiti wetu, na mama wa viungo alikuwa ameitwa. Sheikh alikuwa mtu wa haki, ndiyo sababu alikuwa na wasiwasi. Alimweleza nyanya kwa upole kwamba mtu yule alionekana amelala chali, hana sanda, hana ubao, uso haukuelekezwa kibla.

"Huyu hakuzikwa, mama. Alifukiwa. Hatujui ni nani. Tunaweza kumsalia kwa sharti, tukatia nia kwamba ni ikiwa alikuwa Mwislamu."

"Mwanangu hasaliwi kwa ikiwa," nyanya akasema.

Ndipo mama wa viungo akachutama. Mikono yake ilinuka mafuta ya ufuta na kitunguu saumu, hata leo ningeijua. Aliinua mifupa miwili ya kigasha, akaipitisha vidoleni akiwa amefumba macho, akageuza, akapima kiwiko. Alichukua muda mrefu. Kisha akasema, "Umeungwa vizuri. Lakini huu ni wa kulia."

Inzi walikuwa wengi mle bandani.

"Mie mikono niliyounga ni mingi, siikumbuki yote," akaendelea, naye hakumtazama nyanya. "Mwanao alivunjika upi, dadangu?"

Nyanya yangu ndiye aliyembeba babangu mpaka kwa mama huyu, akipiga mayowe njia nzima. Ndiye aliyemlisha muda ambao mkono ulikuwa katika vibanzi. Akajibu, "N'mesahau. Mato yaliona, moyo haukuweka." Kisha akanisukuma mbele kidogo kwa kiganja mgongoni. "Muulize mwanawe. Yeye ndiye aliyekuwa akibebwa."

Sheikh akainama mpaka ndevu zake zikawa mbele ya uso wangu. "Mwanangu, sema kweli. Mkono wa babako uliopinda ni upi?"

Nilikuwa na miaka tisa. Usiniambie kwamba mtoto hajui. Nilijua kama nijuavyo mdomo wangu ulipo. Nilijua pia kwamba nyanya amekuwa akilia ndani ya shimo la tanuri ili tusimsikie, na kwamba alisema mara nyingi kila mtu mjini humu ana kaburi la kusomea Yasini ila yeye. Nilijua na yule wa mlangoni alionyesha mkono upi. Nikainua mkono wangu wa kulia.

Sheikh akasema alhamdulillahi. Nyanya akapiga magoti, akainamia ile mifupa, akaikumbatia na vumbi lake, akaita jina la mwanawe kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Tulipotoka, askari alikuwa akimwambia yule mwanamke aondoke, mtu amepata wenyewe. Hakufanya ghasia. Alinitazama mimi, si nyanya, akanyoosha tena mkono wake wa kulia kama anayeuliza. Nikageuza uso. Akajitwika kikapu chake kitupu akashika njia ya Makupa, mikono yote miwili kichwani.

Nyumbani mama alitungoja uani. Aliuliza swali moja, "Mkono upi?"

"Wa kulia," nyanya akasema, akijishughulisha na kufungua buibui.

Mama alinigeukia. Nikatazama miguu yangu. Nilingoja aseme, maana mke huujua mkono wa mumewe. Aliingia chumbani, akavua majasi yake masikioni, akaomba kitambaa cheupe. Alilia sana, na kilio kilikuwa cha kweli, lakini jioni ile nilimwona amelala usingizi mzito, mdomo wazi, usingizi ambao hakuwa nao miaka minne.

Mtu yule alivishwa sanda, akasaliwa bila ya ikiwa, akazikwa kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Tukakaa tanga siku tatu. Mikeka ikatandikwa mpaka kichochoroni, kahawa chungu ikazunguka, hitima ikasomwa kwa jina la babangu, na wanawake wakanibusu kichwani wakiniita yatima. Baada ya hapo nyanya hakupakua tena chakula cha pembeni. Sheikh hakupenda wanawake waende makaburini, lakini nyanya alikwenda kila Ijumaa na msahafu wake, na akirudi alikuwa mchangamfu hata akaanza kunitania tena juu ya nazi.

Mama alimaliza eda yake, miezi minne na siku kumi. Mwaka haukutimia akaposwa na mtu wa Lamu, mtu mwema, simlaumu. Mimi nikabaki, kwa kuwa mtoto ni wa upande wa baba. Siku ya kuondoka alinisuka nywele polepole mno, akazifumua, akazisuka tena. Alitaka kusema jambo na hakulisema. Nilimwona mara mbili tu baada ya hapo, na mara zote mbili palikuwa na wageni.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha uzeeni. Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda Makupa mara kadhaa, nikawauliza wanawake wa Kigiriama waliouza nazi na kuni kama wanamjua mwenzao aliyepotelewa na mume kisiwani. Waliniuliza jina lake. Sikuwa nalo. Siku ile hatukumuuliza, sisi sote na adabu zetu za mjini. Mumewe naye amelala katika makaburi yetu kwa jina lisilo lake, na hata hapo alipolala sipajui tena, maana vijiwe vya kichwani vimeng'oka na makaburi yameingiliana. Nyanya amekufa, mama wa viungo amekufa na ujuzi wake, hakuna mtoto anayejua mofa ya mtama ikoje, na kichochoro chetu kimejaa maduka. Ningeweza kukaa kimya na hakuna ambaye angejua.

Lakini liko jambo moja lililobaki, na ndilo linaloniamsha. Nyanya alipokufa, alikuja kutupa pole mzee mmoja mzegazega, aliyekuwa akipeleka maji nyumba kwa nyumba kwa madebe na mpiko begani. Alihamia mtaani kwetu baada ya baba kupotea, kwa hiyo hakupata kumjua. Katika mazungumzo akasema anaikumbuka nyumba ile siku za tanga la mwashi. Siku ya pili ya tanga alikuwa kisimani pa msikiti, akaja mtu aliyekonda, miguu imejaa vumbi la safari, akaomba maji. Mtu yule akatazama mikeka kichochoroni akauliza nani amekufa. Mzegazega akamwambia, ni mwana wa bibi wa mofa, amepatikana mifupa, na mkewe ameshaingia eda.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Hakusema. Akanywa maji yake, akanirudishia kopo, akaenda zake kulekule alikotoka."

Huenda alikuwa mpita njia. Miji yetu haikosi wapita njia wenye kiu. Nilijiambia hivyo, lakini ulimi wangu ulikuwa umekwisha kuuliza kopo lile alilishika kwa mkono gani.

"Wa kulia," mzee akasema, akinishangaa. "Ndivyo Mwislamu anavyokunywa."

"Na wa kushoto?"

"Wa kushoto alikuwa ameuficha ndani ya shuka, mwanangu. Sikuutazama."