Kifungo cha Juu Sikukigusa

Je, ile mbao ingepasuka kweli? Swali ni hilo tu, na kwa wiki nzima lilininyima usingizi. Naligeuza huku, naona ingepasuka. Naligeuza kule, naona isingepasuka. Nikichoka nalo, la pili linaingia: hata kama niliogopa, si ningesema tu kwamba nimeogopa?

Ningesema. Sikusema. Kosa ni langu mwenyewe, na leo nalitoa hapa mnione nilivyo.

Mimi ni msichana wa Kitengela. Nimemaliza chuo, nina digrii ya takwimu, bado natafuta kazi, na ninaishi kwa wazazi. Nafikiria mambo kupita kiasi. Baba husema nikiulizwa kama nataka chai au uji, naomba kwanza muda wa kutafakari, na nikimaliza vyote vimepoa.

Kitu kinachonituliza ni gitaa la besi. Napiga kanisani, kwenye ibada ya vijana. Ibada kubwa ina mpigaji wake, Lemayian, kijana anayeuza dawa za mifugo kwenye agrovet ya kaka yake. Lemayian anapiga vizuri kuliko mimi. Haya, nimelisema, limeniuma kidogo, tuendelee.

Alikuwa amenunua besi iliyotumika, nzuri sana, lakini mkanda wake ulikuwa na tabia ya kuchomoka wimbo ukikolea. Siku moja akanifuata nje ya kanisa.

"Prof," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "hii mkanda itaniaibisha. Ile ibada ya Kajiado inakuja, na mamangu atakuwa hapo. Nitafutie zile loki za kushikilia mkanda. Wewe si ndio unajua kusoma vitu?"

Mjue hivi: mama yake anaishi mbele ya Kajiado mjini, na alikuwa hajawahi kumsikia mwanawe akipiga. Alichojua ni kwamba kijana huwa "anashikashika kitu kanisani." Ibada hiyo ya makanisa ya pamoja ndiyo ingekuwa mara yake ya kwanza. Mimi nililijua hilo. Lishikeni vizuri, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike.

Basi nikaanza utafiti. Jamani! Kitu kidogo kama kifungo cha shati, nami nikakisomea kama mtihani wa mwisho. Nikajua kuna aina kubwa mbili. Ya kwanza, kifungo cha kwenye gitaa, pale mkanda unapofungiwa, kina tundu katikati, na mkanda una kipini kinachoingia humo na kujifunga. Ya pili, kifungo hakina tundu la namna hiyo. Mkanda una kikombe kidogo kinachokumbatia kichwa cha kifungo, kisha springi inakifunga. Hazichanganyiki. Kila mtu aliyewahi kuzielezea anasema hivyo: usichanganye!

Nikanunua za kikombe. Nilipofika nyumbani na kuligeuza vizuri gitaa aliloniachia, nikaona vifungo vyake viwili, cha juu na cha chini, vina tundu. Mwenye gitaa wa kwanza alikuwa ameweka aina ile nyingine, akaondoka na vipini vyake.

Hakuna shida. Unafungua vifungo vya zamani, unaweka vipya, mwisho. Kazi ya bisibisi na subira.

Cha chini kilitoka kirahisi. Nikaweka kipya, kikakaa imara. Nikajipongeza hadi nikaimba.

Cha juu, kile cha kwenye pembe ya gitaa, kilikuwa kimekazwa na mtu mwenye hasira. Nikazungusha bisibisi, kikalia kriii. Nikaacha. Ule mlio ulikuwa wa skrubu au wa mbao? Nikarudi kwenye simu. Mtu mmoja anasema kaza moyo, zungusha. Mwingine anasema yeye alikaza moyo, pembe ikapasuka. Nikatazama gitaa. Si langu. Nikatazama bisibisi. Nikaiweka chini.

Halafu nikafanya ujinga wangu. Nikachukua kile kikombe kipya, nikakivisha kwenye kifungo kile cha zamani. Kikaingia! Kilikuwa kinachezacheza kidogo, lakini kiliingia. Nikavuta mkanda kwa nguvu kuelekea chini, ukashika. Nikavuta tena, ukashika.

Lemayian akaja kuchukua gitaa lake.

"Umebadilisha zote?"

Ilikuwa ni kujibu tu, "Bado moja." Maneno mawili! Lakini alikuwa anatabasamu, na tayari alikuwa amewaambia watu kwamba Prof ndiye fundi wake.

"Zote mbili," nikasema.

Mazoezi ya Jumamosi yakafika. Tulikuwa na wimbo wenye kiitikio cha Kimaa, lugha ya Wamaasai, watu wa kwao Lemayian, na hapo yeye hapigi akiwa amesimama kama nguzo. Anaruka. Anaenda juu wima, mabega yamenyooka, vidole havipotezi noti. Mimi si Mmaasai, na kwetu wimbo wa sifa huchezwa kwa kuyumba kushoto na kulia, na ndivyo nilivyoupima ule mkanda, kama mtu wa kuyumba. Nilivuta chini. Sikumfikiria hata kidogo mtu anayeenda juu! Mtu akiruka, mkanda unalegea wakati yuko hewani. Akitua, uzito wote unaufikia kwa mpigo.

Mruko wa kwanza, salama. Wa pili, nikaona kikombe kimegeuka. Wa tatu, gitaa likamwacha.

Lilitangulia kichwa, likagonga kona ya spika. Mlio wake sitausahau. Ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi ukapinda, na rangi ikabanduka. Spika ikabaki ikinguruma peke yake.

Auntie Rhoda, anayeongoza timu yetu ya sifa, akaweka maikrofoni chini taratibu. Akiweka kitu taratibu, jiombeeni.

"Lemayian, nimesema mara ngapi? Hapa ni madhabahuni ama ni uwanja wa kuruka?"

"Pole, Auntie."

"Pole haishiki gitaa. Na huko Kajiado mbele ya wageni ungefanya hivi? Hapana. Huko atapiga huyu." Akaninyooshea kidole mimi. "Huyu hata 'amina' anaisema baada ya kuifikiria. Haruki."

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka! Ndilo jambo linalonichoma kuliko yote. Nilicheka, nikachukua nafasi ya mwenzangu, na chini ya meza nikaona kile kikombe kimelala, nikakitia mfukoni kabla mtu hajakiangalia.

Lemayian mwenyewe akaja kunifariji. Mimi! "Usijali, Prof. Loki zako ni sawa. Ni mimi niliruka vibaya."

Wiki iliyofuata nilijitetea kichwani kama wakili. Labda mkanda wenyewe ulikuwa umechakaa. Labda hata loki nzuri ingechomoka. Labda Auntie angemtoa tu, maana kuruka kwake kulikuwa kunamkera tangu zamani. Nikaandika ujumbe wa kukiri, nikaufuta. Nikaandika mrefu zaidi wenye maelezo ya springi, nikaufuta. Mwingine ulianza kwa "Kuna uwezekano kwamba." Uwezekano! Nilijua ukweli, nilikuwa nao mfukoni!

Kilichonivunja ni kitu kidogo. Nilipita agrovet, nikamkuta akizungumza na mama yake kwa simu. Kimaa changu ni cha salamu, lakini nilielewa alivyokuwa akicheka kicheko cha kumficha mtu jambo. Alipokata nikamuuliza kama mama bado anakuja Kajiado.

"Anakuja. Ameshasuka shanga mpya za kuvaa hiyo siku." Akapanga chupa za dawa ya kupe ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Sijamwambia nimetolewa. Nitakaa naye tu, nimwonyeshe vile wewe unapiga."

Nikatoa kikombe, nikakiweka kwenye kaunta.

"Sikubadilisha cha juu," nikasema. "Nilibadilisha cha chini peke yake. Cha juu niliogopa kukifungua. Nikakudanganya."

Akakitazama. Akanitazama. Mteja mmoja akaingia kuuliza chumvi ya ng'ombe, akahudumiwa, akarudishiwa chenji, akaenda. Nilitamani angekaa.

"Kwa hivyo," akasema Lemayian, "wiki nzima natembea kama mtu amevaa sketi ya kubana, naogopa hata kuruka mtaro, na shida ilikuwa kifungo?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua?"

"Ndiyo."

Hapo hakufanya mzaha. "Hiyo sasa ni mbaya, Prof. Kuogopa ni sawa. Lakini uliniacha niombe msamaha kwa kosa lako."

Nikakisukuma kikombe upande wake wa kaunta.

Akaingia nyuma, akatoka na gitaa na bisibisi. "Fungua. Hapa hapa, nikikuona."

Nikafungua. Kikalia kriii, nikaendelea. Kikatoka. Mbao haikupasuka. Haikupasuka hata kidogo! Ilikuwa skrubu imeshika kutu tu. Tundu lilikuwa pana kwa ile skrubu mpya, basi tukajaza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, tukaziacha zikauke hadi kesho yake, tukakata zilizobaki nje, tukaweka kifungo kipya. Kikombe kikakaa bila kucheza. Ule ufunguo ulipinda, lakini bado ulizunguka, na nimeahidi kumtafutia mpya.

"Sasa ruka," nikamwambia.

"Sasa mwambie Auntie," akanijibu.

Nilimwambia, na sikumwambia pembeni. Nilisubiri mazoezi yaanze, kila mtu akiwa mahali pake, kwa sababu Lemayian alikuwa ameaibishwa mbele ya watu. Nikasema kifungo sikukigusa, nilidanganya, gitaa lilianguka kwa sababu yangu, na nafasi ya Kajiado si yangu. Mpiga ngoma akaangalia kando.

Auntie Rhoda akaweka maikrofoni chini taratibu. "Na siku ile ulicheka," akasema.

"Nilicheka, Auntie."

"Basi Kajiado utabeba nyaya. Na ibada ya vijana utapumzika mpaka nikuite." Kisha akamgeukia Lemayian. "Na wewe utapiga. Utaruka, lakini kwa adabu."

Bado hajaniita. Nafikiria kila siku lini ataniita, lakini hayo ni maradhi yangu.

Wewe unayesoma hili, kama una besi na unataka kuifungia mkanda, angalia kwanza kifungo kilichopo: kina tundu, au hakina? Badilisha vyote viwili au usibadilishe chochote, na ukipima, pima kama anavyocheza mwenye gitaa, si kama unavyocheza wewe. Na ukiulizwa kama umemaliza, na hujamaliza, sema "bado." Haiui. Niliyosema mimi badala yake nusura yamnyime mama kumsikia mwanawe akipiga.

Kajiado nilibeba nyaya. Nilizikunjua, nikaunganisha besi ya Lemayian kwenye spika, nikamvisha mkanda mwenyewe begani, nikashuka jukwaani nikaketi nyuma kabisa, mama yake akiwa mbele na shanga zake mpya, akingoja kumsikia.