Ala ya Ngozi ya Papa

Mwezi uliopita nilialikwa harusi ya mjukuu wa jirani yangu. Bwana harusi alipendeza, sisemi kitu: joho jeusi la nyuzi za kasabu, kilemba, na kiunoni jambia, kile kisu kilichopinda wanachovaa mabwana harusi wetu. Nikanyoosha mkono kuligusa, ala yake, kile kifuko cha kulichomekea, ikalia kama kisahani cha mtoto. Plastiki, imepakwa rangi ya fedha! "La kukodi hilo, Bibi," kijana akaninong'oneza. Nikacheka mpaka wenzangu wakanigeukia. Wala sikuwa nnamcheka yeye. Nilimkumbuka Baba, na jambia lililokuja nyumbani kwetu mtaa wa Kiponda mwaka alioolewa shangazi, katika hiyo miaka ya hamsini.

Baba alikuwa karani. Asubuhi alitoka na kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake, adhuhuri akarudi, akala, akajinyoosha kidogo, na akishasali alasiri alipanda darini akawa mtu mwingine. Huko ndiko ilikokuwa meza yake, na tupa zake, na kinoo, na makopo ya nta ya kupakia uzi. Alitengeneza visu. Si kwa kuuza. Ilikuwa raha yake tu, kama wenzake walivyokuwa na raha ya karata. Springi ya gari bovu, msumeno uliokatika, chuma chochote kilichotupwa yeye alikiona kisu ndani yake. Na kila kisu alikishonea ala ya ngozi ya mbuzi, ngozi aliyoiroweka mwenyewe kwa magome ya mkoko, ndani ya pipa lililokaa chini ya dirisha la Bibi, mama yake.

"Wenzangu wanafukiziwa udi na watoto wao," Bibi alikuwa akisema. "Mimi wangu ananifukizia mbuzi aliyekufa."

Visu vyenyewe vilikuwa vizuri mno hata havikufaa kwa kazi. Mama alipewa cha jikoni, mpini wake umechongwa maua, akaogopa kukitia maji. Vitunguu akaendelea kuvikata kwa kile chake cha zamani kilichopinda ncha. Jirani yetu Mhindi, mwenye duka la vitambaa, alipewa cha kukatia maembe. Kwa kuwa yule bwana hali nyama wala hataki ngozi mwilini mwake, Baba alimshonea ala ya turubai na kuitarizi kwa uzi mwekundu. Mwenyewe Mhindi akaitundika ukutani dukani, kama picha, na maembe akaendelea kuyafyonza. Mtaa mzima ulikuwa na visu vya Baba, na mtaa mzima uliazima visu kwengine.

Shangazi, mdogo wake Baba, tulikuwa tukikaa naye. Sijapata kumwona mtu mwepesi wa kucheka kama yeye. Akianza, hushika ukuta. Basi akaposwa na mwalimu wa skuli. Kijana wa watu, ana dini yake na adabu yake, lakini alikuwa na sifa moja mjini: hacheki. Kaka yangu alisoma kwake, na akatuapia kwamba darasa zima halijaona meno yake. Shangazi hajawahi hata kuisikia sauti ya huyo mwalimu; siku zile ndivyo mambo yalivyokuwa. Kadiri harusi ilivyokaribia, ndivyo alivyozidi kunyamaza. Nilimsikia jikoni akimwambia Mama, mkono umesimama juu ya mbuzi ya kukunia nazi: "Wifi, nitakaa vipi na mtu asiyecheka? Si ntakufa miye?"

"Utamzoea," Mama akamjibu, lakini hakumtazama usoni.

Harusi imekaribia, ikaja habari kutoka kwa kina bwana harusi. Jambia la babu yao limetolewa sandukuni, kisu kizima, ila ala imeliwa na mchwa. Na mama yake bwana harusi, bibi mmoja mkali, mtu wa miko, kaapa mwanawe haingii kwa mkewe bila ya jambia hilo.

"Ala niachieni mimi," Baba akadakia.

"Hebu wee!" Bibi akamkemea. "Hili jambia la watu, si kisu cha vitunguu. Utamvisha bwana harusi mbuzi?"

"Basi sitatumia mbuzi, Mama."

Kumbe alishawahi kuambiwa na baharia mmoja kwamba panga za wafalme huvishwa ngozi ya papa, ikasuguliwa mpaka ikang'aa kama lulu. Akenda soko la samaki la Malindi, hapo hapo mjini kwetu, akarudi na ngozi begani. Aliitia chumvi, akaisugua ndimu, akaipaka mafuta ya nazi. Kilichobaki kilikuwa jua, na jua halikuwepo, maana ilikuwa katikati ya masika. Akaitundika juu ya jiko, Mama akaishusha. Akaitundika ukumbini, Bibi akaishusha. Mwisho aliishona hivyo hivyo, mbichi mbichi, akaifukiza udi na kuimwagia halwaridi chupa nzima. Ilipokwisha, jamani, ilikuwa nzuri! Ya kijivu, ina chembechembe zinazometameta. Bibi aliinusa, akainusa tena, akasema, "Haya, leo umeniweza." Baba alitembea siku hiyo kama kapewa cheo.

Siku ya harusi jua likaamua kutoka. Likatoka lote, na deni la wiki nzima. Nikaha ilisomwa msikitini, kisha bwana harusi akaletwa kwetu kwa dufu, ndani ya joho zito, kavaa jambia kiunoni, jasho linamchuruzika. Sisi watoto wa kike tulibanana dirishani juu.

Wa kwanza tulimwona muuza kahawa barazani akisimama, ananusanusa hewa. Kisha tukawaona paka. Unawajua paka wa mji wetu. Walishuka kutoka kwenye mapaa, wakatoka kwenye vichochoro, mikia juu, wakajipanga nyuma ya bwana harusi kwa adabu kabisa.

"Hongera, bwana harusi!" muuza kahawa akapaza sauti. "Na hawa wote ni watu wa kuumeni?"

Dufu likayumba. Wajomba wakaanza kufukuza kwa bakora, lakini ukifukuza huku wanarudi kule. Mbele ya mlango wetu paka dume mmoja, kichwa kama dafu, akaruka akaing'ang'ania ala. Mwalimu akazunguka, paka akazunguka naye, joho likafunguka kama mwavuli. Ukanda ukakatika. Mwalimu akawahi kulidaka jambia kwa mpini, na paka akapanda ukuta na ala mdomoni, wenzake wote nyuma yake.

Bwana harusi kasimama mlangoni kwa mkewe, kilemba upande, kisu kitupu mkononi.

"Mkosi!" mama yake akalia. "Kisu wazi mlangoni kwa bibi harusi! Haingii mtu. Turudini!" Wajomba wakatazamana, na mmoja akageuka kweli. Baba alikuwa kajificha nyuma ya mlango, naona mguu wake tu umetokeza kizingitini.

Hapo ndipo nyuma ya sikio langu mtu akacheka. Shangazi! Alikuwa kaacha kitanda alichokalishwa kumngojea mumewe, kaja kutuchungulia juu ya mabega yetu, na kicheko kimemtoka, kikashuka mpaka njiani. Mwalimu akainua uso. Midomo ikamtetemeka, akajikaza, akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea mlango, na kaka yangu, aliyekuwa chini na wapiga dufu, akashuhudia kwamba meno anayo yote.

Bibi akatoka. Akavua kanga yake mpya mabegani, akalichukua jambia taratibu, akalizungushia vizuri.

"Ala ndiyo hii," akasema. "Karibu ndani, mwanangu." Na vigelegele vikapigwa hata mama mkali hakusikika tena.

Baba hakuigusa tena ngozi ya papa. Kila mtu akitaja harusi ile, hunyanyuka akaenda darini. Akafa na aibu yake.

Leo dari lile wameezua, visu sijui vimepotelea kwa nani. Shangazi mwenyewe nilimuuguza mwisho wake, naye kishakuwa mjane. Siku moja nilimuuliza kama aliingia chumbani na hofu. "Hofu ya nini?" akasema. "Nilishamsikia anacheka." Bibi hayupo, Mama hayupo, mwalimu hayupo, wala muuza kahawa. Na Baba ndiye aliyenijia moyoni nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chake: katika kazi zote alizozifanya kwa mikono yake, ile ala ya papa ndiyo iliyomfaa mtu, na hatukupata hata mmoja wetu kumwambia.