Doa Shavuni mwa Mwanamkasi

Mwaka wa hamsini na saba, pale Makorora, Mwanamkasi ndiye aliyekuwa kungwi wa kutegemewa, na kigelegele chake kilisikika hadi mtaa wa pili. Siku aliyoolewa bintiye Mboni, bwana harusi alipofika mlangoni, wanawake wote walimgeukia yeye. Akaasama apige. Kinywa hakikupanuka. Mashavu yalimkaza kama ngozi ya ngoma, na sauti ikatoka nyembamba, ikafa. Akajifunika kanga usoni, watu wakadhani analia kwa furaha.

Moyoni alijua jambo hilo halikuanza siku ile. Tangu usichana alikuwa mtu wa kutafuna tambuu: popoo, chokaa, na kipande cha tumbaku ndani yake. Hata kulala alilala nayo shavuni. Siku hizi alikuwa hatii pilipili kwenye mchuzi, maana ilimuunguza kinywa kama kaa la moto. Mumewe Zubeiri alidhani amenuniwa. Tena ndani ya shavu, pale anapoweka tumbaku, palikuwa na doa jeupe lisilokwanguka. Kwa kuwa haliumi, alilinyamazia. Lakini shangazi yake wa Maramba, naye mtafunaji, alikufa kwa donda la kinywa, na hilo halikumtoka akilini.

Wageni walipoondoka alimweleza Zubeiri yote. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Vaa buibui lako, twende hospitali," akasema.

Daktari alimwambia aasame. Vidole viwili tu vilipita kati ya meno yake.

"Mama, unatafuna tambuu?"

"Nani hatafuni, daktari?"

"Na tumbaku?"

Mwanamkasi akainamisha kichwa. Daktari akamkata kinyama kidogo kwenye lile doa, kikapelekwa Dar es Salaam kuchunguzwa.

"Sitakuficha," alisema. "Doa kama hili, na ugumu kama huu wa mashavu, vikiachwa huweza kugeuka saratani. Tusubiri majibu."

Nyumba ikapoa kama yenye msiba. Moyoni Mwanamkasi alikwisha kugawa kanga zake.

Walipoitwa tena, daktari hakuwazungusha.

"Si saratani. Ila ulikuwa njiani kuelekea huko. Popoo na tumbaku, acha vyote. Doa linaweza kufifia. Mashavu hayatarudi kama zamani, lakini huenda yasizidi kukaza."

Mwanamkasi alimwomba arudie. Akarudia, polepole. Zubeiri, aliyekuwa amesimama muda wote, alikaa chini sakafuni, kofia mkononi, akacheka mwenyewe mpaka machozi yakamtoka.

Kuacha kulimtesa. Majuma ya kwanza alikuwa mkali kwa kila mtu, na Zubeiri alijifunza kushinda barazani. Lakini doa lilififia, ingawa daktari aliendelea kumtaka aje atazamwe.

Wenziwe walipomtembelea na tambuu zao, aliwapa kahawa, kisha akawavuta mmoja mmoja dirishani penye mwanga.

"Asama nikuone."

Wengine walikasirika. Wawili walikwenda hospitali.