Safari Imemwangukia Mke Mwenzangu, Mji Nimeachiwa Mimi

(Jina la mama huyu tunalo sisi peke yetu, na ya watu wake tumeyabadilisha. Maneno ni yake.)

Assalamu alaykum, wasomaji. Mimi ni mama wa makamo, arobaini nimeshaivuka, mkaazi wa Magongo huku Changamwe. Masomo yangu ni ya chuoni, ya Kurani, na herufi hizi za kizungu nimejifunza ukubwani, darasa la ngumbaru, kwa hivyo mkiona pamepinda mnyooshe wenyewe. Sikuzoea kutoa ya nyumbani nje. Lakini nimechoka, jamani. Hata kule kuulizwa "mbona umenyamaza" kwanichosha.

Mume wangu ni nyapara wa makuli pale bandarini Kilindini. Tuko wake wawili. Mimi ndiye mkubwa. Mwenzangu, Salma, yuko Likoni. Hatugombani. Akija kwangu huniamkia, "Shikamoo dada," nami humwekea chakula chake. Mume wetu ni mcha Mungu na kila kitu hukipima. Akinunua leso hununua mbili za jina moja. Akiniletea samaki mimi, jueni wa Salma ameshavuka feri.

Mwanangu wa pekee, Athumani, yuko London anasomea mambo ya umeme. Aliondoka ndevu hazijamtoka. Picha aliyotuma mwaka huu ana masharubu na koti zito. Nikaitazama nikadhani ni mjomba wake. Kila nikisujudu namuomba Mola anionyeshe uso wake kabla sijafa.

Sasa mzungu mkubwa wa kazini kwa mume wangu anarudi kwao. Uhuru waja, na yeye asema hangoji. Kwa kuagana amempa mume wangu zawadi ya safari ya meli, yeye na mkewe, wakapumzike Ulaya majira ya baridi. Mji wachague wenyewe, London au Roma. Kote kuwili ana jamaa wa kuwapokea. Alisema "mkeo". Hakuuliza wangapi.

Niliposikia London nilikaa chini pale pale jikoni, mwiko mkononi. Nikasema dua imejibiwa.

Mume wangu akaniambia, "Mama Athumani, Mtume akisafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze. Nami sitafanya lingine."

Ningesema nini? Ni sunna, na miaka yote mimi ndiye nimsifuye kwa uadilifu wake. Tukakusanyika kwangu. Akachukua kokwa mbili za tende, moja akaifunga uzi mwekundu, hiyo ya Salma, na yangu uzi mweupe, akazitia kikombeni. Kikombe akampa mamake atoe moja, kwa kuwa bibi wa watu macho yameingia giza.

"Na mimi mbona simo humu?" mamamkwe akauliza. "Nimekuzaa mimi, hawa wamekukuta na ndevu zako!"

Tukacheka. Akatia vidole, akatoa. Uzi mwekundu.

Nikasema alhamdulillahi. Wallahi nilisema, tena kwa sauti.

Lau ingeishia hapo ningelia yangu nikanyamaza. Lakini mume wangu alinitazama usoni akaona mizani imelala upande mmoja. Akasema, "Salma amepata safari. Wewe haki yako ni mji. Mji utauchagua wewe." Kwake yeye amegawa sawasawa, kama akataye mkate wa mofa. Akaenda zake kuswali alasiri, roho imemtulia.

Salma akanifuata uani, akanishika mkono. "Dada, sema London. Nitamuona mtoto kwa niaba yako. Nitampikia, nitamkumbatia nimwambie, hili ni la mamako."

"Nasikia Roma ni kuzuri," nikamwambia. "Baridi yake si kali."

"Lo! Roma, dada? Roma tuna nani?"

Hana hila, najua hana, na hapo ndipo paniumapo. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika.

Kila nikifumba macho nauona mlango wa London unafunguliwa, mwanangu anatoka, na aliyesimama mbele yake ni mke mwenzangu. Yeye ndiye atakayejua sauti yake imekuwa nzito vipi. Kisha atarudi Likoni, avuke feri aje anihadithie mwanangu: "Dada, Athumani siku hizi hali pilipili." Nami nitakaa nimsikize, na kushukuru nimshukuru!

Na nikisema Roma, je? Hata babake hatamuona. Yeye mwenyewe hasemi aupenda upi, asije akanielemea. Lakini juzi nilimsikia akimuuliza muuza halua kama ile nyeusi, apendayo Athumani, yahimili safari ya meli. Aliponiona akageuza maneno kama mtu aliyefumaniwa.

Mamamkwe, ambaye haoni ila hapitwi na jambo, aliniuliza tukitia udhu: "Mwanangu, wataka mtoto aonwe, au wataka uonwe wewe?" Nimeswali sala ile sijui nimesoma nini.

Mwisho wa mwezi mume wangu atampelekea mzungu jina la mji. Kila ajapo huniuliza kwa upole, "Umeamua?" Nami humwambia bado. Jana, bila ya kutumwa na mtu, nilijikuta nakanda unga wa visheti, vingi, vya kujaza debe, kwa sababu visheti haviozi njiani. Nikaitazama mikono yangu ilivyojaa unga. Huko Roma hakuna mtu alaye visheti vyangu. Mikono imeshasema, na ulimi hautaki kabisa kulitamka jina lile.

Enyi mama wenzangu mliopeleka watoto mbali, na nyinyi mlio na wenza, nishaurini kwa jina la Mungu. Niutaje mji upi? Na nikishasema London, siku meli ing'oapo nanga, moyo huu wangu niupeleke wapi?