Boneti Yenye Joto

Muuzaji wa magari makuukuu hasemi neno bila kulipapasa gari, kama anayembembeleza mtoto asilie. Oili imemkolea hadi kwenye kucha, na kila akifikia kasoro sauti yake hushuka. "Pikapu hii imekula kilomita laki tatu, mama, lakini kijitrela chako cha kulala itakivuta kama ganda la kiberiti." Bibi, aliyekwisha kuwaahidi wajukuu safari ya likizo, akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto.

"Njia ya mwongo fupi, mwanangu. Umeipasha nisijue inavyowaka ikiwa baridi?"

Muuzaji akakuna kisogo. "Asubuhi ni mvivu, mama. Hukohoa kwanza."

"Hata mume wangu yuko hivyo, na sijamrudisha kwao. Tungoje ipoe."

Muuzaji akampisha bibi kwenye kigoda chake, akabaki akipangusa kioo kilichokwisha kung'aa. Gari lilipopoa alimkabidhi ufunguo, akafumba macho. Bibi akauzungusha; pikapu ikakohoa, ikanyamaza. Ikakohoa tena, ikanguruma. Alipofumbua macho, bibi hakuwa akilitazama gari. Alikuwa akimtazama yeye.

"Ikigoma njiani nikakupigia, utapokea?"

"Nitakuja mwenyewe, mama."

"Haya, nifungie ndoano ya trela."