Adhuhuri ya Kusoma Mahali pa Kishale

Januari 2008 nilikuwa nikisomea kompyuta Nakuru, katika chuo kidogo kilichokuwa juu ya duka la vitambaa. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa programu ya kuonyesha mahali kishale cha mausi kilipo kwenye skrini: namba moja ya kwenda kulia, nyingine ya kushuka. Ilikuwa na kasoro. Kishale kikitoka nje ya dirisha la programu, namba ziliganda.

Mwalimu wangu, mwanamke aliyenizidi miaka michache tu, alikubali tukutane tuimalize, maana mji ulionekana umetulia kidogo baada ya fujo za uchaguzi. Alinieleza kwamba programu yangu ilijua dirisha lake pekee. Ikitaka skrini nzima, lazima iiulize kompyuta yenyewe. Niliongeza mstari mmoja, na namba zikaanza kukifuata kishale kila kilikokwenda.

Ndipo mwenye duka, mzee Mwislamu, akapanda ngazi akihema. Alituambia tujifungie, tusisogelee madirisha. Vijana wenye mapanga walikuwa barabarani wakiuliza watu kabila. Mwalimu alikuwa wa kabila walilolitafuta. Mimi nilikuwa wa kabila lao.

Nilibaki nimeshika mausi. Nilidhani mkono umetulia, lakini namba zilirukaruka.

Geti la chini likagongwa. Tulimsikia mzee akiwaambia kuwa chuo kimefungwa, hakuna mtu juu. Mara stima zikapotea, na sanduku la betri chini ya meza, la kuipa kompyuta nguvu umeme ukikatika, likaanza kulia: pii, pii, pii. Nilijitupa sakafuni nikabonyeza swichi mpaka likanyamaza. Kazi yote ilipotea, wala sikuijali.

Sauti moja chini ikauliza ni nini hicho.

“Kengele ya duka,” mzee akajibu. “Stima zikienda hulia.”

Kisha tukasikia nyayo zao zikiondoka.

Saa kumi mzee alitupakia kwenye pikapu yake, tukalala chini ya marobota ya vitambaa hadi kituo cha polisi. Njiani mwalimu akaniuliza kwa mnong'ono, “Wangepanda, ungewaambia nini?”

“Ningesema wewe ni dada yangu.”

Mwalimu alihamia kwao wiki hiyo, hakurudi kufundisha. Programu niliiandika upya, nikapita. Lakini sijui kama maneno yale yangenitoka mdomoni mbele ya mapanga.